Dripu ya tone moja moja: mwanangu alinyimwa maji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka miwili na miezi minne alishikwa na homa usiku, kulipokucha akapata degedege. Tulipofika hospitali alikuwa amelegea na miguu ya baridi. Wakasema ni malaria kali, wakamchoma sindano za artesuneti na kumtundikia dripu, lakini ile dripu ilikuwa inadondoka tone moja moja. Nikampigia wifi yangu, ni muuguzi Muscat, akasema kwao mtoto wa miguu ya baridi humiminiwa maji papo hapo, nimwambie daktari aongeze kasi. Daktari akakataa, akasema kuna utafiti. Nashukuru Mungu mtoto alipona, yuko nyumbani wiki ya pili sasa. Nilipoutafuta huo utafiti nikakuta ulifanywa kwa watoto wa hapa hapa kwetu, na waliokufa ni wengi. Je, mwanangu alinyimwa maji kwa kuwa sisi ni maskini? Na wale watoto walifanywa panya wa maabara? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa usiku ule. Nianze na linalokukosesha usingizi: kwa maelezo yako, mwanao hakunyimwa kitu. Daktari yule alishika mkono wake mahali ambapo wengi wetu, mimi nikiwa mmoja wao, tulikuwa tunaufungulia. Swali la panya wa maabara ni zito zaidi. Nitalifikia, ila lazima kwanza ujue nini hasa kilifanyika.

Wifi yako hakusema uzushi. Alikwambia tulichofundishwa sote. Mtoto mwenye homa kali akifika amelegea, tunamshika mguu kuanzia juu kushuka chini kuona ubaridi unaanzia wapi. Tunabana ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, tunaachia, tunahesabu: moja, mbili, tatu. Wekundu ukichelewa kurudi, maana yake damu haifiki ncha za mwili sawasawa. Tunapapasa mshipa wa kifundo cha mkono. Ukiwa dhaifu na unakimbia, basi tunasema mtoto yuko kwenye shoku au anaielekea. Na dawa ya shoku, tuliambiwa, ni maji ya kasi: mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto, ndani ya saa moja au chini yake, na usipoona nafuu rudia. Mtoto wa kilo 10 anaingiziwa mililita 200, kama theluthi mbili za chupa ya soda, kupitia kanula nyembamba kama njiti. Ukiyaweka kwa mwendo wa kawaida wa kumtunza, mtoto huyo huyo hupata mililita 25 hadi 40 kwa saa, yaani kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Hiyo ndiyo tofauti uliyoiona kwa macho ukakasirika.

Nilipoanza kazi, hospitali ya wilaya, nilikuwa hodari wa maji ya kasi. Chupa ilipokuwa inasuasua niliikamua kwa mikono miwili. Kuna mtoto mmoja wa kike, umri wa mwanao, aliletwa saa nne usiku. Nikambana ukucha, sekunde nne. Nikakamua. Baada ya nusu saa mkono ukapata joto, nikamwita mama yake aushike, nikamwambia, "Unaona? Anarudi." Alifariki kabla ya alfajiri. Sikujiuliza lolote kuhusu maji. Nilijiuliza kama ningeyaongeza.

Imani ile tuliitoa wapi? Hapa ndipo watu hushangaa. Moja ya nguzo zake kubwa ni taarifa ya mwaka 1991 kutoka Marekani iliyohusu watoto 34 waliokuwa kwenye shoku ya maambukizi. Waliopata zaidi ya mililita 40 kwa kilo katika saa ya kwanza walikuwa 9, na 8 kati yao walipona, kiwango bora kuliko cha wenzao. Hakuna kura iliyopigwa kuamua nani apate maji kiasi gani. Madaktari waliamua wenyewe, kisha wakahesabu. Juu ya msingi wa aina hiyo, pamoja na mantiki iliyoonekana haina kasoro (bomba halina maji, jaza maji), ukajengwa mwongozo wa dunia nzima. Tusiwadharau walioandika. Walikuwa wakitibu watoto wenye mashine za kupumulia pembeni na muuguzi mmoja kwa kitanda kimoja. Kosa lilikuwa letu wote kuugeuza uzoefu huo kuwa sheria.

Sasa utafiti wenyewe. Unaitwa FEAST, uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ambaye kituo chake kiko Kilifi, pwani ya Kenya, pamoja na madaktari wa Uganda na Tanzania. Watoto waliandikishwa Kilifi, kwenye hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda, na kwenu huko, Hospitali Teule Muheza. Walioingia walikuwa watoto wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali pamoja na kupoteza fahamu au kupumua kwa shida, na wenye dalili hata moja ya damu kutofika mwilini sawasawa. Kura ndiyo iliyowagawa kwa mafungu matatu: wa kwanza maji ya kasi ya albumini (maji yenye protini ya damu), wa pili maji ya kasi ya chumvi, wa tatu hawakupewa maji ya kasi. Shika hilo la tatu vizuri. Hawakupewa maji ya kasi, lakini walipata dripu ya mwendo wa kawaida, dawa za malaria, antibayotiki, sukari na damu kwa aliyehitaji. Kundi hilo lilitibiwa kama hospitali nyingi za kwetu zilivyokuwa zinatibu siku zote.

Nia ya utafiti, nakuomba uamini, ilikuwa kuthibitisha kwamba maji ya kasi yanaokoa, ili yasambazwe hadi zahanati ya mwisho. Ubishi mkubwa ulikuwa ni maji gani bora, albumini au ya chumvi. Ilipangwa waingie watoto 3,600. Januari 2011, wakiwa wamefika 3,141, kamati huru inayochungulia hesabu kwa siri katikati ya safari ilisema: simamisheni.

Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamekufa watoto 111 kati ya 1,050. Kundi la maji ya chumvi, 110 kati ya 1,047. Kundi lisilopewa maji ya kasi, 76 kati ya 1,044. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Ukitaka hesabu ya mezani: kwa kila watoto 30 hivi waliomiminiwa maji, mmoja alikufa ambaye pengine angeishi. Matokeo yalichapishwa Mei 2011, nami niliyasoma nimesimama, nikatafuta kiti.

Wifi yako ataniuliza, na ana haki: mbona sisi wenyewe tulikuwa tunaona watoto wakipata nafuu? Kweli walikuwa wanapata. Katika utafiti huo huo, baada ya saa moja, waliomiminiwa maji walionekana vizuri zaidi kuliko wenzao: miguu ina joto, ukucha unarudisha rangi upesi. Vifo vilikuja saa za mbele, vingi ndani ya saa 24 za kwanza, wakati daktari ameshaandika "amepata nafuu" na kwenda kitanda cha pili. Jicho la mganga linaona saa ya kwanza. Saa ya tano anakuwa na mgonjwa mwingine mkononi. Hakuna daktari, hata awe bingwa namna gani, anayeweza kugundua tofauti ya watoto 3 katika 100 kwa kukaa wodini na kukumbuka. Ilibidi wahesabiwe watoto elfu tatu.

Maji yaliua vipi? Wa kwanza kushukiwa alikuwa mapafu kujaa maji na ubongo kuvimba. Watafiti walipochambua vifo kimoja kimoja hawakuona hivyo. Kilichozidi kwenye makundi ya maji ya kasi ni moyo na mzunguko wa damu kuanguka ghafla. Baadaye, mwaka 2019, uchambuzi mwingine wa data zile ulionyesha kwamba maji yaliongeza tindikali kwenye damu kwa sababu ya ile chumvi, yalipunguza wekundu wa damu kwa kuizimua, na kudhoofisha upumuaji na ubongo kidogo kidogo. Wapo wanaosema pia kwamba ile miguu ya baridi ni mwili unajitetea, unabana mishipa ya pembeni ili damu ikae kwenye moyo na ubongo, nasi tukija na chupa tunaivunja ngome. Maelezo haya yanashindana mpaka leo. Binafsi hili la mwisho linanivutia sana, na kwa kuwa linanivutia nalitilia shaka. Lile la bomba lilinivutia pia.

Ubishi haukuishia kwenye sababu. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walisema watoto wa FEAST hawakuwa kwenye shoku halisi, kigezo kilikuwa kipana mno. Hoja nzuri, maana Shirika la Afya Duniani lenyewe linataka dalili tatu kwa pamoja: ubaridi wa mikono na miguu, ukucha kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mshipa dhaifu unaokimbia. Basi wakatafutwa watoto waliotimiza zote tatu. Walikuwa 65 tu. Waliopata maji ya kasi walikufa 24 kati ya 50, wasiopata walikufa 3 kati ya 15. Idadi ni ndogo, sitaapa nayo, lakini haielekei upande wa wenye hoja. Wengine wakasema ni malaria na upungufu wa damu, kwa kuwa asilimia 57 ya watoto walikuwa na malaria. Wasio na malaria walipotazamwa peke yao, madhara yalikuwa yale yale.

Hoja iliyobaki ina uzito, nayo ndiyo inayomhusu wifi yako: hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia wala chumba cha wagonjwa mahututi. Je, Muscat au London, ambako mtoto akizidiwa anawekwa kwenye mashine mara moja, maji yana madhara kama hayo? Hapo bado watu wanabishana kwa heshima. Mwongozo wa kimataifa wa shoku ya maambukizi kwa watoto wa mwaka 2020 umegawa njia mbili. Penye uangalizi wa mahututi, maji ya kasi yanapendekezwa kidogo kidogo, huku ukimpima mtoto kila hatua. Pasipo na uangalizi huo, na presha ya mtoto haijashuka, maji ya kasi yasitolewe. Kwa hiyo wifi yako anaweza kuwa sahihi kazini kwake, na daktari wa mwanao sahihi kazini kwake, na mwanao asiwe amedhulumiwa na yeyote.

Nina manung'uniko yangu hapa, niyaseme. Watoto 34 walitosha kuianzisha imani. Watoto 3,141 hawakutosha kuitikisa kwa wepesi. Mwongozo wa mfukoni wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2013, miaka miwili baada ya matokeo, bado ulikuwa na maji ya kasi, na mwaka uliofuata baadhi ya watafiti wenyewe wakalalamika hadharani kwenye jarida la kitabibu la Uingereza. Marekebisho yalikuja 2016: mtoto asiye na dalili zote tatu asimiminiwe, na mwenye nazo zote apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, taratibu. Sijui ingechukua muda gani kama watoto wale wangekuwa wa Boston.

Mwaka 2017 yakaja majibu ya utafiti wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima safari hii. Wagonjwa zaidi ya 200 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wanaishi na virusi vya UKIMWI. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kama kawaida ya hospitali walikufa asilimia 33. Ulaya na Marekani zilipofanya majaribio yao makubwa ya watu wazima, matokeo yakatoka 2022 na 2023, hapakuonekana tofauti kati ya maji mengi na machache. Yaani kwenye mashine hayakudhuru wala hayakusaidia, pasipo mashine yaliua.

Kabla sijasonga, dada, usije ukaondoka hapa na neno la hatari. FEAST haikuwahusu watoto wanaoharisha. Waliondolewa kwa makusudi, pamoja na wenye utapiamlo mkali, walioungua na walioumia. Mtoto anayeharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani amepoteza maji kweli, na anayahitaji kweli, mengi na haraka: ya ORS mdomoni kama anakunywa, ya dripu kama hawezi. Kipindupindu ndiyo kabisa. Nimewahi kukutana na baba aliyemzuia nesi asimwekee dripu mtoto mwenye kuhara kwa sababu "dripu zinaua, wamegundua". Alikuwa amesikia nusu ya habari hii, na nusu aliyoisikia ilikuwa mbaya kuliko kutosikia kitu.

Haya, panya wa maabara. Ulivyouliza inaonekana unawaza kwamba watafiti walikuja kumwaga kitu kipya ndani ya watoto wetu kuona kitatokea nini. Ukweli uko kinyume: kile kilichoua ndicho kilikuwa matibabu ya kitabu, yanayotolewa Ulaya kila siku bila fomu wala ridhaa ya utafiti. Watoto waliopata huduma ya kwetu ya kawaida ndio waliopona zaidi. Na haikufanyika Ulaya kwa sababu kule kumnyima mtoto maji ya kasi kwa kura kungeonekana ukatili. Kila mtu alishaamini. Majaribio yangewezekana tu mahali ambapo desturi hiyo haijaenea. Bila FEAST, mimi na chupa zangu tungeendelea kukamua wilaya nzima, hakuna wa kuhesabu, na kila mzazi angeambiwa tulijitahidi.

Lakini siwezi kukwambia hofu yako haina asili. Mwaka 1996, Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto 200 hivi, na wazazi wakadai baadaye kwamba hawakuelezwa kuwa ni utafiti. Kesi ziliburuzwa miaka mingi hadi kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 mwaka 2009, bila kukiri kosa. Mtu aliyelijua hilo akisita kusaini, sitamcheka.

Na hata FEAST ilikuwa na jambo lake la kujadiliwa. Mama amefika mbio, mtoto anakoroma, huwezi kumsomea kurasa nane. Iliruhusiwa na kamati za maadili kwamba mzazi aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, kisha hali ikitulia aelezwe yote na kusaini. Wapo wanaoona hiyo si ridhaa. Mimi naona kumlazimisha mama aliyepigwa bumbuwazi asome fomu ndefu ndiko kuigiza ridhaa, lakini nakubali kwamba anayesema hivi ni mtu wa upande wa koti jeupe.

Ukiombwa siku moja, uliza kama utafiti una kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni wa dawa, cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza mtoto atapata nini usipokubali, ukisikia kigugumizi hapo ondoka. Uliza nani anatibu na kulipa akidhurika, na kama ipo kamati huru inayoweza kuusimamisha. Hilo la mwisho wengi hawaulizi, na ndilo lililowaepusha na kura ile watoto 459 waliokuwa wamebaki kufikia wale 3,600.

Tena kuna kitu ambacho hukukiuliza, kimo ndani ya barua yako. Zile sindano za artesuneti. Kabla ya hapo mwanao angepewa kwinini, ile ya masikio kuvuma. Kwinini ilitolewa kwa sababu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, waligawanywa kwa kura, na majibu yaliyotoka 2010 yakaonyesha kwamba waliopata artesuneti walikufa asilimia 8.5 na waliopata kwinini asilimia 10.9. Baadhi yao walilazwa kwenye wodi za mkoa wako. Usiku ule mwanao alitibiwa na majibu ya tafiti mbili: moja ilimpa sindano, nyingine ikapunguza kasi ya dripu.

Na kwa kuwa ni artesuneti, nina ombi. Kwa watoto wachache, wiki ya kwanza hadi ya nne baada ya sindano hizo, damu hushuka ghafla ingawa malaria imekwisha. Umesema yuko wiki ya pili nyumbani. Mtazame ndani ya kope la chini na viganja kama vimepauka, angalia kama mkojo umekuwa kama chai ya rangi au kama macho ni ya njano. Hata usipoona chochote, mrudishe wiki hii akapimwe wingi wa damu, na umwambie nesi tarehe aliyochomwa sindano ya mwisho.